Siti binti Saad: Mfinyanzi wa Fumba aliyeipa Ng'ambo sauti

KABLA ya jina lake kuvuka bahari hadi Bombay, aliitwa Mtumwa. Hilo ndilo jina alilopewa alipozaliwa karibu na mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini mwa mji wa Zanzibar, kwa wazazi maskini wenye asili ya bara: baba Mnyamwezi na mama Mzigua. Wakati huo utumwa ulikuwa bado halali visiwani. Amri ya kuufuta ilitoka mwaka 1897, na masuria wakasubiri hadi mwaka 1909.

Sheria ilibadilika, lakini desturi haikubadilika kwa kasi hiyo. Kwa watu wa kizazi chake, kuwa huru mbele ya hakimu na kuhesabiwa mtu mbele ya mabwana wa zamani yalikuwa mambo mawili tofauti. Mtu aliulizwa ukoo wake kabla ya kuulizwa jambo jingine lolote, na yule asiyekuwa na ukoo wa kutaja alijua pa kukaa.

Hakupata nafasi ya kusoma. Kazi aliyoijua ni ya mama yake, ufinyanzi. Aliviringa udongo, akachoma vyungu, kisha akavibeba kichwani na kuzunguka navyo akivinadi kwa sauti iliyosikika kutoka mbali. Inaelezwa kuwa watu walimtambua kwa sauti hiyo kabla ya kumwona. Aliolewa angali kijana, akazaa mtoto wa kike, akaachika. Mwaka 1911, akiwa mwanamke mtu mzima asiye na mali wala mume, aliuacha ufinyanzi na kuhamia mjini.

Mjini alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa kikundi cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905. Huyo ndiye aliyeitambua sauti yake, akamfundisha uimbaji na upigaji wa udi. Baadaye akazungukwa na wapigaji wengine mahiri, miongoni mwao Subeit Ambar, Buda Swedi na Mbaruk Talsam, ambaye alikuwa kipofu na fundi wa maneno. Mtumwa akawa Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Hapa inafaa kukumbuka taarab ya siku zile ilikuwa kitu gani. Ilikuja Unguja kwa mapenzi ya Sultani Barghash, aliyempeleka Misri kijana wake, Mohamed Ibrahim, kujifunza ala. Iliimbwa kwa Kiarabu, ikasikilizwa na wakubwa, na wapigaji wake walikuwa wanaume. Wengi waliokuwa wakiisikia nyuma ya kuta hawakuelewa neno. Siti na wenzake waliichukua taarab hiyo wakaiimba kwa Kiswahili, na kwa uamuzi huo ikabadilika hadhira yote.

Si kwamba alikataa kuwaimbia wakubwa. Aliitwa katika kasri na katika majumba ya matajiri wa Kiarabu na wa Kihindi, akaenda, akalipwa. Lakini maskani yake yalikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na makazi ya wachukuzi, wavuvi, mafundi, wapishi, na wale waliokuwa watumwa pamoja na watoto wao. Huko jioni watu walikusanyika kumsikiliza, wanaume kwa wanawake, na yaliyotokea mchana mtaani yaliweza kuwa wimbo usiku.

Nyimbo hizo zilisema kuhusu wanaume wanaowaonea wake zao, makarani wenye mikono mirefu na mahakama zisizosikia. Ulio maarufu zaidi ni ule wa Kijiti. Unasimulia kisa cha mwanamke mjamzito aliyefika Unguja akitokea Dar es Salaam, akaenda ngomani, akauawa. Mwanamume aliyetajwa kuwa muuaji alitoroka kuvuka kwenda bara. Adhabu, kwa masimulizi ya wimbo huo, ikawaangukia wanawake waliofuatana na marehemu. Hukumu kama hizo zilitolewa na mahakimu wa Kiingereza kwa lugha ambayo watu wa Ng'ambo hawakuijua. Wimbo uliisikiliza kesi upya kwa Kiswahili, mbele ya majirani, na kila aliyeuimba alikuwa kama anapiga kura.

Mwaka 1928 ulikuwa na mambo mawili makubwa. La kwanza lilikuwa safari. Kampuni ya HMV ilimchukua Siti na wapigaji wake hadi Bombay kurekodi santuri, akiwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa wa Afrika Mashariki kufanya hivyo, na bila shaka mwanamke wa kwanza kupata umaarufu kwa njia hiyo. Santuri ziliuzwa kwa makumi ya maelfu katika muda wa miaka michache. Asiyekuwa na gramafoni aliisikia kwenye mkahawa, kwa bei ya kikombe kimoja cha kahawa. Wapo waliotoka mbali kuja Unguja ili tu wamwone mwenye sauti ile.

La pili lilikuwa mgomo. Watu wa Ng'ambo walimiliki nyumba zao, lakini ardhi chini ya nyumba ilikuwa ya wengine. Zamani hilo halikuwa tatizo kubwa, maana wenye ardhi wengi hawakudai kitu zaidi ya heshima. Thamani ya viwanja ilipopanda, kodi ikadaiwa na kuongezwa, na mahakama zikawasimamia wadai. Wapangaji wakakataa kulipa. Walikataa kwa wingi, mtaa baada ya mtaa, na wanawake wenye nyumba zao walikuwa mstari wa mbele pamoja na wanaume. Hatimaye serikali ililazimika kuingilia kati na kuiwekea kodi mpaka.

Kusema kwamba Siti ndiye aliyeuanzisha mgomo huo ni kumsingizia. Hata hivyo, watu walioamua pamoja kutolipa walikuwa ni wale wale waliokwisha kukaa pamoja usiku mwingi, wakisikia manung'uniko yao yakipewa vina na mizani, wakicheka wakubwa kwa sauti moja. Mshikamano hauzuki siku ya mgomo.

Mafanikio yake hayakuwapendeza wote. Wapinzani walimtungia nyimbo za kumkumbusha shamba alikotoka, kaniki aliyoivaa na vyungu alivyovibeba, pamoja na sura ambayo walidai haikustahili sifa. Siti alijibu kwa wimbo, kama ilivyokuwa ada ya fani. Jibu lake, kwa kifupi, lilikuwa kwamba uzuri na nasaba havimsaidii mtu asiye na akili. Mjini wote walielewa nani anaambiwa. Kwa mwanamke aliyezaliwa na jina la Mtumwa, kusema hivyo hadharani, huku masultani wakiwa bado kwenye kiti, lilikuwa jambo zito kuliko lionekanavyo leo.

Siti binti Saad alifariki dunia mwezi Julai 1950. Shaaban Robert, aliyekutana naye siku zake za mwisho, aliandika wasifu wake, mojawapo ya vitabu vya mwanzo vya Kiswahili kumhusu mwanamke wa kawaida.

Miaka mitano baadaye, katika Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma, alianza kuwaandikisha wanawake katika TANU. Aliwafuata palepale walipokuwa wamekwisha kujipanga wenyewe, katika vikundi vyao vya ngoma, na maelfu wakajiunga ndani ya miezi michache. Viongozi wa kiume wenye elimu walikuwa hawajaipata njia hiyo. Aidha, wanahabari wanawake wa TAMWA walipotafuta jina la jarida lao mwishoni mwa miaka ya 1980, waliliita Sauti ya Siti.

Santuri nyingi za Bombay zimekwisha kuvunjika au kupotea. Kijiti ulibaki katika kinywa cha Bi Kidude, aliyeupokea angali msichana na kuuimba katika kumbi za Ulaya na kwao Unguja hadi uzeeni. Bi Kidude alifariki Aprili 2013.