Palwankar Baloo na Viwanja vya Girgaum

Katika maadhimisho haya ya hekalu letu tumeombwa kuandika habari za mmoja wa wanamichezo wa zamani katika jamii ya Wahindu. Bila shaka wengi walitazamia tumtaje Ranjitsinhji, mtawala wa Jamnagar, kwa kuwa asili ya wengi wetu ni Kathiawar. Sifa zake zinajulikana, nasi hatuna la kuongeza. Tumemchagua Palwankar Baloo, ambaye jina lake ni nadra kusikika katika kumbi zetu.

Girgaum ni mtaa wa kale katikati ya Bombay, jiji ambalo leo huitwa Mumbai. Nyumba zake zimebanana, wakazi wake Wamarathi kwa Wagujarati, na upande wa magharibi iko bahari. Mwishoni mwa karne ya 19 serikali ya kikoloni iligawa viwanja kando ya bahari hiyo, na kila jamii ikajenga klabu yake: Waparsi, Waislamu na Wahindu. Klabu ya Wahindu, iliyoanzishwa mwaka 1894, ilipewa jina la Parmanandas Jivandas. Waliolelewa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam wataitambua desturi hiyo, maana babu zetu waliopanda meli Bombay walikuja nayo: kila jamii na klabu yake, uwanja wake na vikombe vyake.

Baloo alizaliwa Dharwad katika miaka ya 1870, katika tabaka la mafundi wa ngozi, waliohesabiwa kuwa watu wasioguswa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufagia na kusawazisha uwanja wa kriketi wa Waparsi mjini Poona, kwa rupia 3 kwa mwezi. Baadaye klabu ya Wazungu ikampa rupia 4. Huko aliwarushia maofisa mpira wa mazoezi kwa saa nyingi kila siku, kwa mkono wa kushoto, polepole, mpira ukizunguka na kupinda. Inasimuliwa kwamba Kapteni Greig, mpigaji hodari kuliko Waingereza wenzake, alimpa nusu rupia kila alipomtoa. Lakini kupewa gongo apige yeye, hilo halikuwapo.

Wahindu wa Poona walipotaka kuwashinda Wazungu hao walimkumbuka Baloo, kisha wakabishana kama inafaa kucheza naye. Hatimaye alichezeshwa, nao wakashinda. Uwanjani waligusa mpira ule ule alioushika yeye. Wakati wa chai, wenzake walinywa katika vikombe vya kaure ndani ya jengo, naye akapelekewa yake nje katika kikombe cha udongo cha kutupwa. Jaji Mahadev Govind Ranade aliwakemea hadharani, akisema kwamba wanaoweza kucheza naye hawana sababu ya kukataa kula naye.

Tauni ilipoingia Poona, Baloo alihamia Bombay akaomba nafasi katika klabu ya Wahindu. Hapa hatuna budi kusema jambo lisilopendeza: miongoni mwa waliompinga walikuwamo Wagujarati, watu wa kwetu. Nahodha Kirtikar alishikilia akubaliwe, akakubaliwa.

Mwaka 1906 Wahindu waliwashinda Wazungu wa Bombay kwa tofauti ya mikimbio 109, Baloo akiwa mmoja wa warushaji wakuu, na mwaka uliofuata wakashinda tena. Mwaka 1911 alikwenda Uingereza na timu ya India iliyoongozwa na Maharaja wa Patiala. Timu ilishindwa mara nyingi, lakini Baloo peke yake alichukua wiketi 114.

Hata hivyo hakufanywa nahodha wa Wahindu. Mwaka baada ya mwaka alipewa mwingine, na mwaka 1920 alipoachwa nje, wadogo zake wawili walijitoa katika timu. Unahodha uliifikia familia hiyo mwaka 1923 tu, kwa mdogo wake Vithal, naye akarudi na ushindi. Baloo aliingia katika siasa, akagombea kura mwaka 1937 dhidi ya Dk. Ambedkar, akashindwa. Alifariki mwaka 1955.

Tunapoandika haya tunakumbuka klabu ya mjini kwetu tulipokuwa vijana. Uwanja wetu ulitunzwa na mzee mmoja wa Kiafrika. Jioni alituachia roli akaturushia mpira wa mazoezi, na alitutoa mara nyingi kuliko tulivyopenda kukiri. Chai ilipoletwa, sisi tulipanda barazani. Yeye alikuwa na kikombe chake cha bati, kilichotundikwa kwenye msumari wa mwarobaini, akanywa hapo chini. Tulimwita Mzee. Katika miaka yote ile hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza jina lake, wala kama angependa kushika gongo.