Maisha ya Mwandishi: Shaaban Robert, Karani Aliyeandika Nyumbani

Wanafunzi wengi wakifika kwenye kurasa za maisha ya mwandishi huziruka, wakaenda moja kwa moja kwenye muhtasari na maswali. Kwa mtu anayesoma Kusadikika, kuruka huko kuna hasara. Riwaya hii iliandikwa na mtu aliyekuwa na mwajiri wa kumwogopa, watoto wa kulea na muda mchache wa kushika kalamu. Ukiyajua hayo, utaelewa kwa nini nchi ya Kusadikika ikawekwa angani na si Tanganyika.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, karibu na mji wa Tanga. Kwa sisi wa Bongwe huko si mbali. Ukitoka Ukunda ukapita Msambweni, ukavuka mpaka Lunga Lunga, mji mkubwa wa kwanza utakaoukuta ni Tanga. Wadigo wako pande zote mbili za mpaka huo, na maisha ya nyumba za pwani ya Tanga hayatofautiani sana na ya kwetu. Ukoo wake ulikuwa na asili ya Kiyao, lakini yeye alikulia katika Uswahili na Uislamu. Alipokuwa na miaka mitano tu, Novemba 1914, Waingereza walijaribu kuteka Tanga kutoka baharini na Wajerumani wakawarudisha majini. Alizaliwa chini ya Mjerumani, akafanya kazi chini ya Mwingereza, akafa katika nchi huru.

Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926. Mwaka huohuo wa 1926 akaajiriwa kuwa karani katika idara ya forodha, na huko alikaa hadi 1944. Pangani ni mojawapo ya vituo vyake. Baadaye alihamishiwa Mpwapwa, bara kabisa, katika idara ya mifugo. Kuanzia 1946 alirudi Tanga, kwanza katika ofisi ya wilaya na kisha, tangu 1952, katika idara ya upimaji ardhi. Tarehe hizi si za kukariri kwa ajili ya mtihani. Zitazame hivi: karibu vitabu vyote tunavyovijua aliviandika akiwa mtumishi wa serikali, mtu wa kuingia ofisini asubuhi na kutoka jioni. Kuandika kulikuwa kazi ya pili, na mahali pake palikuwa nyumbani.

Nyumba ya Pwani mnaijua. Mlango hausukwi kwa ajili ya mtu mmoja anayetaka kimya. Jirani anapiga hodi, mtoto ana homa, mgeni wa ukoo amefika na mzigo wake, na anayeandika hana chumba cha kujifungia. Kwa karani kulikuwa na jambo jingine tena, nalo ni uhamisho. Barua ya serikali ikifika, nyumba nzima inafungasha, na miswada nayo inaingia safarini pamoja na sufuria na mikeka. Safari ya kutoka pwani kwenda Mpwapwa ni ya mamia ya kilomita, mbali na ndugu wote ambao wangeweza kusaidia kulea.

Lililomsumbua zaidi nyumbani ni msiba. Mke wake Amina alifariki na kumwachia watoto wadogo. Shaaban Robert alimtungia shairi la maombolezo lenye jina lake, na huzuni ile ameieleza katika Maisha Yangu, kitabu kilichochapwa mwaka 1949. Wahakiki hulichambua shairi hilo kwa vina na mizani, sawa, lakini msisahau hali ya mtungaji: ni mjane mwenye kazi ya mchana na watoto wasio na mama.

Kutokana na hali hiyo zilipatikana tungo mbili ambazo kila mwanafunzi wa ushairi anapaswa kuzifahamu. Utenzi wa Hati aliuandika kwa ajili ya binti yake, Mwanjaa. Utenzi wa Adili aliuandika kwa ajili ya mwanawe wa kiume, Suleiman. Hapa alifuata njia ya zamani. Mwana Kupona, mjane wa Sheikh Mataka wa Siyu, alikuwa amemtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa mawaidha mwaka 1858, akiwa mgonjwa na akijua kuwa siku zake si nyingi. Katika desturi hiyo anayeandika ni mzazi anayehofu kwamba hatakuwapo, au hatatosha. Shaaban Robert hakutunga tenzi zile baada ya watoto kulala ili ajiepushe na ulezi. Tenzi zenyewe zilikuwa sehemu ya ulezi. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye jibu zuri kuliko yote kwa swali la jinsi alivyoweza kuandika katika nyumba yenye shughuli: mara nyingi kilichomkatiza ndicho alichokiandika.

Nje ya nyumba nako hakukutulia. Septemba 1939 Vita vya Pili vya Dunia vilianza. Wajerumani waliokuwa wakiishi Tanganyika, wakiwemo wenye mashamba ya mkonge, walikamatwa na kuwekwa kizuizini. Vijana waliandikishwa katika King's African Rifles na wengine wakapelekwa mpaka Burma. Habari zilifika kwa redio na magazeti, na yeye akazigeuza kuwa Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti 3,000. Hesabu kidogo, mwanafunzi. Mtu akitunga beti tatu kila usiku bila kukosa hata mmoja, atahitaji usiku 1,000, yaani karibu miaka mitatu. Tena beti za utenzi hazitaki kuharakishwa, kwa maana kina cha mwisho sharti kirudi katika kila ubeti.

Sasa tuje kwenye Kusadikika, iliyochapwa na Nelson mwaka 1951. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno mbele ya mfalme kwa kosa la kutaka kufundisha elimu ya sheria. Badala ya kujitetea kwa maneno mengi juu ya nafsi yake, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi, wakarudi na mema, wakalipwa kifungo. Wengine husema mwandishi alitumia istiari kwa sababu ya kupenda ngano na hekaya. Ni kweli alizipenda. Adili na Nduguze ya mwaka 1952 ni ushahidi. Lakini karani wa serikali ya kikoloni alikuwa na sababu nyingine. Asingeweza kuandika kwamba watawala wa Tanganyika huwafunga wanaosema kweli, kisha asubuhi akaripoti kazini kwa watawala haohao. Kibano hicho kilizidi baadaye: mwaka 1953 serikali ya Gavana Twining ilitoa waraka wa kuwakataza watumishi wake Waafrika kujiunga na chama cha TAA, kilichozaa TANU mwaka uliofuata. Mshahara wa mwezi ulikuwa chakula cha watoto. Basi nchi ikapandishwa angani, na aliyetaka kuelewa akaelewa.

Swali la mtihani linaloweza kutoka hapa ni kuhusu mandhari na usalama wa mwandishi. Jibu lisiishie kusema kwamba mandhari ni ya kidhahania. Onyesha ni nani aliyelindwa na udhahania huo.

Wasiwasi wa mwisho ulikuwa wachapishaji. Siku zile mwandishi wa Tanga hakuwa na mchapishaji wa kumwendea kwa miguu. Pambo la Lugha lilichapwa Johannesburg. Kusadikika na Adili na Nduguze ni za kampuni za Uingereza. Mswada ulisafiri kwa meli, na majibu yalichukua muda wake. Kufikirika, aliyoiandika miaka ya 1940, haikutoka hadi 1967. Hata hivyo jina lake lilikua: alitunukiwa nishani ya MBE na tuzo ya ukumbusho wa Margaret Wrong, akawa mjumbe wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na mwaka 1958 jarida la kamati hiyo likachapa Wasifu wa Siti Binti Saad. Sifa zilimfika kuliko fedha.

Aliacha kazi ya serikali mwaka 1960. Hatimaye mchana ukawa wake, lakini haukudumu. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na yeye akafariki Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53. Alizikwa Machui. Utenzi wa vita ulitoka 1967, naye hakuuona. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilifuata mwaka 1968. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958 zilichapwa Dar es Salaam mwaka 2002, chini ya uhariri wa M. M. Mulokozi, na humo mambo ya nyumbani na mambo ya vitabu vyake yamechanganyika.