Ngongo Lutete: mkubwa wa vita wa Lomami aliyehukumiwa kwa haraka

Sisi tunaoishi Tunda, kati ya mto Lomami na mto Lualaba, tunalima mashamba yetu katika nchi iliyopitiwa na vita vingi. Kabla ya reli kufika Kindu, misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilikuwa inapita huku ikielekea Nyangwe na Kasongo. Kati ya wakubwa wa vita wa wakati ule, mmoja jina lake halijasahauliwa: Ngongo Lutete. Wengine wanamtaja kama shujaa, wengine kama mwangamizi wa vijiji. Leo tunataka kueleza maisha yake bila kumpaka mafuta na bila kumpaka matope, kwa sababu kifo chake kina neno la kutuambia hata sasa.

Juu ya asili yake watu hawapatani. Wako wanaomhesabu kati ya Wasonge, wako wanaomhesabu kati ya Watetela na Wakusu. Lakini habari zinapatana juu ya jambo moja: alipokuwa mtoto alikamatwa akawa mtumwa. Alikulia mikononi mwa watu wa biashara waliotoka pwani, wale ambao wazee wetu waliwaita matambatamba. Alijifunza bunduki, alijifunza safari, alijifunza kuongoza watu. Kwa ushujaa wake vitani akapata uhuru, na Tippu Tip, tajiri mkubwa wa Kasongo aliyekuwa na asili ya Zanzibar, akamfanya mtu wake upande wa Lomami.

Hapo ndipo sehemu ngumu ya habari inapoanza. Mtoto aliyeuzwa akawa mtu wa kuuza wengine. Kutoka ngome yake ya Ngandu, karibu na Lomami, Ngongo alituma majeshi yake katika nchi ya Watetela na ya jirani zao, mpaka kuelekea Sankuru. Vijiji vilivyokubali vilitoa pembe na watu. Vijiji vilivyokataa vilichomwa. Vijana waliotekwa wakapewa bunduki, nao wakageuka askari wake, kama alivyogeuzwa yeye. Daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyefika Ngandu mwaka 1892, aliandika kwamba njia ya kuingia kwenye malango ya mji ilikuwa imetandazwa mafuvu ya watu. Hatuwezi kuruka jambo hili. Wengi wa waliokufa walikuwa babu na bibi zetu.

Mwaka 1890 Tippu Tip alianza safari ya kurudi Zanzibar, na mwanawe Sefu akabaki mkubwa wa Kasongo. Wakati huohuo Dola Huru ya Kongo, mali ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, ilikuwa inapanda kutoka magharibi ikitafuta pembe zilezile. Watu waliiita Bula Matari. Mwaka 1892 majeshi ya Ngongo yalipigana na askari wa Dola waliokuwa chini ya ofisa Francis Dhanis, nayo yakashindwa. Ngongo aliona upepo umegeuka. Uhusiano wake na Sefu ulikuwa umekwisha kuharibika, na mwezi wa Septemba mwaka ule akafanya mapatano na Dhanis, akawa upande wa Dola.

Sefu alikasirika sana. Alidai Ngongo arudishwe mikononi mwake. Dhanis alikataa, na vita vikubwa vikaanza. Mwezi wa Novemba 1892 jeshi la Sefu lilivunjwa kwenye Lomami, na wengi walizama mtoni wakikimbia. Tarehe 4 Machi 1893 Nyangwe ilianguka, na tarehe 22 Aprili ikaanguka Kasongo. Vitabu vya Wazungu vilivisifu vita hivyo kama ushindi wa Wabelgiji, lakini Wabelgiji wenyewe walikuwa wachache mno. Waliojua njia, mito na namna ya kupigana katika nchi hii walikuwa watu wa Ngongo. Bila yeye, Dhanis asingefika Lualaba kwa urahisi ule.

Baada ya ushindi Ngongo alirudi Ngandu. Miezi haikupita mingi. Maofisa wachache waliokuwa kwenye kituo cha Ngandu walisikia maneno kwamba anaipangia Dola usaliti. Walimkamata, wakaketi kama baraza la vita, wakamhukumu kufa. Walikuwa mbali na mkubwa wao, nao walikuwa na hofu. Habari ilipomfikia Dhanis huko Kasongo, alimtuma Hinde haraka kwenda kuzuia hukumu ile. Hinde alichelewa. Tarehe 15 Septemba 1893 Ngongo alikuwa amekwisha pigwa risasi. Kabla ya hapo alijaribu kujinyonga katika chumba alichofungiwa. Walimkata kamba, wakamrudishia pumzi, kisha wakamuua kwa bunduki. Usaliti ule haukuthibitishwa wakati ule wala baadaye.

Waliomuua walifikiri wamemaliza jambo. Kumbe walikuwa wamelianzisha. Wengi wa askari wa Ngongo waliingizwa katika jeshi la Dola na kupelekwa Luluabourg, karibu na mji wa leo wa Kananga. Huko walikuta viboko, malipo yasiyofika, na kumbukumbu ya mkubwa wao aliyeuawa na watu aliowapigania. Tarehe 4 Julai 1895 waliasi, wakamuua mkuu wa kituo, na vita vikarudi tena mpaka Lomami. Mwezi wa Februari 1897, huko Ndirfi upande wa kaskazini mashariki, askari wa msafara mkubwa uliokuwa unaelekea Nile waliasi nao. Msafara huo ulikuwa chini ya Dhanis mwenyewe, na ndugu yake aliuawa katika mapigano yaliyofuata. Mwezi wa Aprili 1900 askari wengine waliasi kwenye ngome ya Shinkakasa huko Boma, mbali kabisa na kwetu. Maasi hayo yote yameitwa maasi ya Watetela, ingawa waliokuwemo walitoka makabila mengi, na kila moja lilikuwa na sababu zake. Lakini tukifuata la kwanza mpaka kwenye mzizi wake, tunafika Ngandu, mbele ya baraza lile la haraka.

Ndugu na dada, tunajifunza nini hapa?

Hatusemi Ngongo alikuwa mtu mwema. Kama angeitwa mbele ya hukumu kwa ajili ya vijiji alivyochoma na watu aliouza, mashahidi wasingekosekana. Lakini hakuulizwa habari hiyo. Dola ilikuwa imekwisha pokea msaada wa mikono yake bila kuuliza damu iliyokuwa juu yake. Akauawa kwa neno lingine, neno la kusikia tu. Hivyo watu aliowaumiza hawakupata haki yao, na yeye pia hakupata yake.

Wengi kati yetu tunafikiri kwamba mtu mbaya hana haja ya kusikilizwa. Tunasema: yule tunamjua, atakuwa amefanya. Tumeona katika nchi yetu wakubwa wa vita wakibadilisha upande, leo adui na kesho rafiki, na tumeona pia kijana akipigwa na umati kwa sababu mtu mmoja ameonyesha kidole. Habari ya Ngandu inatuonya kwamba hukumu isiyosikiliza haimalizi ubaya. Inaupa jina jipya tu, na watoto wanaurithi.

Vita havikuwa neno la mwisho katika nchi hii. Mwaka 1912 wageni wawili kutoka Marekani walifika kwa miguu katika kijiji cha sultani Wembo Nyama, mmoja wa wakubwa wa Watetela: Askofu Walter Lambuth na Profesa John Wesley Gilbert. Gilbert alikuwa Mwafrika wa Marekani, mwana wa wazazi waliokuwa watumwa. Nchi iliyotoa watumwa ilipokea mtoto wa watumwa, naye hakuja na bunduki. Kutokana na kazi iliyoanza pale, misheni yetu ya Tunda ilizaliwa miaka ya 1920.

Basi wazee wanapotaja jina la Ngongo jioni, tusinyamaze na tusishangilie. Tuwaeleze watoto wetu yote mawili: aliyoyatenda na aliyotendewa. Na siku tutakapoitwa kuketi katika baraza, liwe la kijiji, la ukoo au la kanisa, tumsikilize anayeshitakiwa kabla ya kufungua midomo yetu.