Chelomey: Alianza kwa kuiga, akaishia na la kwake

Wadau, leo namleta kwenu Vladimir Chelomey, mhandisi wa Kisovieti aliyezaliwa mwaka 1914. Ukitaka kujua wale jamaa walifikaje kwenye makombora ya kruzi, yaani yale yenye mabawa na injini kama ndege isiyo na rubani, huwezi kumruka huyu.

Mwaka 1944 Wajerumani walikuwa wanaitwanga London kwa V-1. Chelomey akapewa kiwanda, akaambiwa atengeneze kitu cha namna hiyo. Akatoa 10Kh. Kusema kweli ilikuwa nakala tu, tena shabaha yake mbovu. Mwaka 1953 wakubwa wakaifunga ofisi yake, kazi wakapewa wengine. Wengi wetu hapo tungekata tamaa.

Yeye aliendelea kuchora. Tatizo lilikuwa mabawa: yakinyooka yanakula nafasi kwenye nyambizi. Akayakunja, kombora likaenea ndani ya bomba, na likishafyatuliwa mabawa yanajifungua yenyewe. Mwaka 1955 akapewa ofisi mpya Reutov, karibu na Moscow. Mwaka 1959 kombora lake P-5 likaingia jeshini. Hilo sasa lilikuwa la kwao.

P-5 lilibeba hata kichwa cha nyuklia, na hapo mimi simsifii mtu. Nasifia ule ubishi wake.

Alifariki Desemba 1984. Mwaka 1998 ofisi aliyoiacha iliungana na India kuunda kampuni ya BrahMos. Wahindi nao walianza kwa kushikwa mkono.

Je, sisi tunaoishia kwenye kuiga tunakwama wapi? Naomba kuwasilisha.