Hiram Percy Maxim

Hiram Percy Maxim (2 Septemba 1869 – 17 Februari 1936) alikuwa mhandisi na mvumbuzi kutoka Marekani. Anakumbukwa hasa kama mwanzilishi wa chama cha redio ya ridhaa nchini humo, American Radio Relay League (ARRL).

Maisha

Alizaliwa Brooklyn, New York. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyebuni bombomu ya Maxim, silaha ambayo Wajerumani waliitumia dhidi ya wapiganaji wa Majimaji. Baba huyo alihamia Uingereza mwanawe akiwa bado mtoto, nao hawakuishi tena pamoja.

Percy alihitimu chuo cha MIT mwaka 1886. Baadaye alitengeneza magari ya umeme huko Hartford, Connecticut, na mwaka 1909 alipata hataza ya kiwambo cha kuzuia sauti ya bunduki. Baba alizifanya bunduki zipige haraka, mwana akazinyamazisha.

Redio

Sheria ya Marekani ya mwaka 1912 iliwaruhusu watu wa ridhaa kutumia mawimbi mafupi kuliko mita 200 tu, ambayo wakati ule yalidhaniwa hayana faida, kwa nguvu isiyozidi kilowati moja. Kwa hiyo mawasiliano yao hayakufika mbali.

Mnamo Aprili 1914 Maxim alitaka kununua taa ya redio kutoka kwa mtu wa Springfield, Massachusetts, umbali wa kilomita 40 hivi. Mitambo yake ilishindwa kufika huko. Akakumbuka kwamba anamfahamu mwenzake wa Windsor Locks, katikati ya miji hiyo miwili, akamwomba apokee ujumbe na kuupeleka mbele. Ujumbe ulifika. Maxim aliona kwamba vituo vingi vidogo vikipokezana kwa mpango vinaweza kuvuka nchi nzima, na mwaka huohuo yeye na kijana Clarence Tuska wakaanzisha ARRL. Gazeti lake, QST, lilianza kutoka Desemba 1915.

Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, vituo vyote vya ridhaa viliamriwa kufungwa. Hatari kubwa zaidi ilikuja baada ya mapigano: mswada bungeni ulitaka kulipa Jeshi la Majini mamlaka juu ya redio yote. Maxim aliupinga mbele ya kamati ya Bunge, na wanachama waliandika barua nyingi kwa wabunge. Mswada ulishindwa, na ruhusa ya kurusha mawimbi ilirudishwa mwaka 1919. Bila ushindi huo huenda redio ya ridhaa ingekwisha kabisa nchini Marekani.

Mwaka 1925, mjini Paris, alichaguliwa rais wa kwanza wa umoja wa kimataifa wa vyama hivyo (IARU). Miaka miwili baadaye mkutano wa Washington uliwatengea watu wa ridhaa masafa yao katika mkataba wa kimataifa.

Wazo la kupokezana linaendelea katika ripita, yaani mitambo inayopokea sauti na kuirusha tena papo hapo kwa nguvu zaidi, mara nyingi kutoka mlimani. Nchini Marekani serikali haigawi masafa kwa kila ripita. Wanaopendekeza nani atumie yapi ni waratibu wa kujitolea wanaokubaliwa na watumiaji wenyewe.

Maxim alifariki safarini, mjini La Junta, Colorado. Alama yake ya mwito, W1AW, hutumiwa hadi leo na kituo cha ARRL huko Newington, Connecticut.