Amelia Earhart: Kutazama kulimfikisha angani

Kila nisikiapo kijana akikaripiwa kwa kushinda penye seng'enge ya kiwanja akitazama ndege, humkumbuka Amelia Earhart, Mmarekani aliyezaliwa Kansas mwaka 1897. Alipoiona ndege utotoni hakuijali. Lakini mwaka 1918, akihudumia majeruhi wa vita mjini Toronto, Kanada, alikuwa akienda kiwanjani wakati wa mapumziko kuwatazama marubani wa kijeshi. Hapo ndipo hamu ilipomwingia.

Macho hayana pazia, lakini macho hayalipi karo. Ilimbidi afanye kazi, ikiwamo ya kampuni ya simu, ili alipie masomo aliyoyaanza Januari 1921 kwa rubani Neta Snook, mwanamke mwenzake. Mwaka 1928 alivuka Atlantiki kama abiria tu, na sifa hizo hazikumridhisha. Mei 1932 akairusha ndege mwenyewe, akawa mwanamke wa kwanza kuvuka bahari hiyo peke yake.

Julai 1937 alitoweka Pasifiki akijaribu kuizunguka dunia. Hatari ipo, siifichi. Hata hivyo, wazazi, kijana huyo msimfukuze. Muulizeni yu tayari kuitolea jasho gani hamu yake.