Ibrahim Akasha: Mzigo Alioacha Haukuzikwa Naye

Kwetu maiti hasemwi. Ndiyo maana jina la Ibrahim Akasha Abdalla, aliyeuawa mwaka 2000, hadi leo hutajwa kwa sauti ya chini kwenye baraza zetu, kuanzia Makadara hadi Kibokoni. Hukumu yake iko kwa Mola wake. Lakini kunyamaza kwetu kumewaacha vijana walichukue jina hilo kama la shujaa. Wanatazama filamu za wauza unga: kontena linafunguliwa, ndani ya bidhaa za halali mna magendo, na mwenye mzigo anakaa jumba la fahari. Basi tusimulie maisha ya huyu wa kwetu mpaka mwisho wake.

Akasha alikuwa mfanyabiashara wa Mombasa, mtu wa mali na familia kubwa. Kufikia miaka ya 1990, polisi wa hapa na wa Ulaya walimhesabu miongoni mwa vinara wa biashara ya hashishi, iliyotoka pande za Pakistan na Afghanistan kuelekea masoko ya Ulaya.

Mji wetu uliifaa biashara ya namna hiyo. Bandari ya Mombasa hulisha Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo. Makontena ni maelfu, na hakuna awezaye kuyafungua yote. Magendo hupita njia ile ile ya mchele na mitumba, yakiwa na karatasi safi. Baharini ni vivyo hivyo. Mwezi Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilisimamisha jahazi nje ya pwani yetu na kukuta kilo 1,032 za heroini zimefichwa katikati ya mifuko ya saruji. Kwa nje, ni vifaa vya ujenzi tu.

Akasha hakufia kitandani. Tarehe 3 Mei 2000 alipigwa risasi mchana katika mtaa wa Bloedstraat, Amsterdam, akitembea na mkewe. Mauaji hayo yalihusishwa na mzozo wa fedha za hashishi kati yake na wahalifu wa Uholanzi. Pesa zote zile hazikumnunulia hata kifo cha utulivu mjini kwake.

Mzigo ukabaki kwa watoto. Mwaka 2002 mwanawe Kamaldin naye aliuawa kwa risasi, hapa hapa Mombasa. Mwaka 2014 Baktash na mdogo wake Ibrahim walikamatwa, baada ya watu wao kuwakabidhi wapelelezi wa Marekani, waliojifanya wanunuzi, kilo 99 za heroini. Januari 2017 wakapelekwa New York. Mwaka 2018 walikiri makosa, pamoja na kuwahonga maofisa wa Kenya ili wasipelekwe huko. Baktash alifungwa miaka 25, Ibrahim miaka 23. Baba mmoja, wana watatu: mmoja kaburini, wawili gerezani ng'ambo.

Na hao ndio waliopata faida. Waliopata hasara wako karibu zaidi. Ni mateja tunaowapita asubuhi wamelala vibarazani, vijana tuliowajua wakienda chuoni na misahafu yao, na mama zao wanaofunga kila kitu kwa kufuli wasiibiwe na mtoto wa kuwazaa wenyewe. Hakuna filamu inayowaonyesha hao kwa dakika zaidi ya mbili.

Tusiwatupie lawama wenye majumba peke yao. Sadaka zao tulizipokea, karamu zao tulizihudhuria, na hatukuuliza mali imetoka wapi. Kuuliza tuliona ni kukosa adabu.

Basi kijana akikwambia anataka kuwa kama Akasha, usimgombeze. Muulize: kama Akasha yupi? Wa jumba, au wa Bloedstraat?